Mafundisho ya Mchapuko na Kizio Chake

Mwaka uliopita, katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la kidato cha pili nikiwa na fomu ya tathmini magotini. Mwanachuo niliyekwenda kumkagua alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, ubao ulikuwa umefutwa, tarehe imeandikwa, na wanafunzi walikuwa kimya. Somo lilikuwa mchapuko. Aliandika maana yake ubaoni kwa Kiingereza kama mtaala udaivyo, akaandika kanuni, kisha akaandika kizio: m/s². Akawataka wanafunzi wakitamke pamoja, nao wakakitamka mara tatu.

Ndipo mvulana mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Samahani, mwalimu. Mita mraba naijua, ni kama sakafu. Hii sekunde mraba ni sekunde ya namna gani?"

Darasa likacheka. Mwanachuo akatazama ubao, akanitupia jicho mimi, kisha akajibu: "Ndivyo kizio kilivyo. Andika hivyo hivyo. Ukiandika vingine utakosa alama." Mvulana akaketi, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Katika fomu ya tathmini pana mahali pa kuandika upungufu wa mwalimu. Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Jibu lile nililifahamu sana, maana ndilo nililolitoa mimi mwenyewe katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, na ndilo nililopewa nilipokuwa mwanafunzi. Isitoshe, mwanachuo yule alikuwa amepita mikononi mwangu muhula mzima. Ikiwa hakuwa na jibu jingine, ni kwa sababu sikumpa. Makala haya nimeyaandika ili wakufunzi wenzangu, na walimu walioko mashuleni, tupate jibu la kumpa mtoto yule, kwani swali lake lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, pamoja na yale yaliyoulizwa na mwalimu.

Neno lenyewe na mitego yake

Kabla ya kufika kwenye kizio yatupasa tulitazame neno. Walimu wengi hudhani kwamba ugumu wa fizikia unatokana na Kiingereza, na kwamba tukisema "mchapuko" mambo yatanyooka. Sivyo kabisa. Katika lugha ya kila siku mtu akiambiwa "chapua mwendo" huelewa kwamba aende haraka, na aliyechapuka ni yule aendaye kwa haraka. Basi mwanafunzi asikiapo mchapuko, hufikiri kuwa ni jina jingine la kasi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam pana mtego wa pili: tangu mwaka 2016 mabasi yapitayo katika njia zake maalumu yamekuwa yakiitwa mwendokasi, na kwa mtoto wa huko neno hilo ni jina la gari kabla halijawa neno la kisayansi.

Kwa hiyo mwalimu asianze na maana ya kamusi. Aanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wanafunzi wamevichanganya, na njia nyepesi ni kuuliza swali litakalowafanya wabishane. Mimi huuliza hivi: "Ndege inaruka juu kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, imenyooka, haiongezi mwendo wala haipunguzi. Kobe naye alikuwa amelala, sasa ameanza kutembea. Ni nani mwenye mchapuko?" Karibu darasa zima hujibu ndege. Waacheni wajibu hivyo. Kisha waulizeni abiria wa ndege ile anawezaje kunywa chai bila kumwagika, ilhali abiria wa basi liondokalo kituoni hutupwa nyuma hata kama basi halijafikisha kilomita 20 kwa saa. Hapo huanza kuona kwamba mwili wa binadamu hauihisi kasi; huhisi kubadilika kwa kasi. Kobe ana mchapuko, ndege haina.

Zana ya kuonyesha jambo hili haina gharama. Chukueni chupa ya plastiki iliyo angavu, itieni maji hadi nusu, ifungeni, kisha ilazeni ubavu. Mwanafunzi aipandishe ndani ya basi aendapo nyumbani siku ya kufunga shule, au muilaze juu ya toroli uwanjani. Toroli linapoanza kwenda, maji hupanda upande wa nyuma. Linapokwenda kwa kasi isiyobadilika, hata kama ni kasi kubwa, maji hutulia kama mezani. Linapopunguza mwendo, maji hupanda upande wa mbele. Chupa ile haisemi lolote juu ya kasi. Husema juu ya mchapuko tu, na kadiri mchapuko unavyozidi ndivyo uso wa maji unavyozidi kuinama.

Hapa niongeze onyo moja. Vitabu kadhaa, na wanachuo wengi, husema kwamba mchapuko ni "kuongezeka kwa kasi". Maana hiyo ni fupi mno. Mchapuko ni kiasi cha kubadilika kwa kasi, au kwa mwelekeo wake, katika kila kizio cha muda. Gari likatalo kona kwa kasi ile ile lina mchapuko pia, na chupa ya maji italithibitisha hilo ikilazwa kukingama njia. Somo la kona laweza kungoja vidato vya juu, lakini mwalimu asimfundishe mtoto leo jambo ambalo kesho itabidi alifute.

Nyongeza ya mshahara

Sasa twende kwenye kizio. Nimejaribu njia nyingi, na iliyonifaa kuliko zote sikuitoa katika kitabu cha fizikia. Niliipata katika chumba cha walimu, wenzangu walipokuwa wakizungumzia nyongeza za mishahara.

Tuseme mwalimu anaanza kazi kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, na kila mwaka anaongezewa 20,000. (Hesabu hii ni ya mfano tu, tusianze kuulizana ngazi za mishahara.) Mshahara wake unapimwa kwa kizio gani? Shilingi kwa mwezi. Je, nyongeza yake nayo inapimwa kwa shilingi? Hapana. Akisema "nimeongezewa shilingi 20,000" bila kufafanua, tutamwuliza: mara moja tu, au kila mwezi? Jibu lake kamili ni kwamba mshahara wake unaongezeka kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa kila mwaka. Sentensi hiyo ina "kwa" mbili, na kila moja ina kazi yake. "Kwa mwezi" ni sehemu ya mshahara. "Kwa kila mwaka" inaonyesha mshahara huo unabadilika upesi kiasi gani.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kushindwa kuelewa jambo hili, hata wale wa nyuma kabisa. Nao hufanya hesabu bila kupewa kanuni: baada ya miaka 3 mshahara utakuwa 600,000 + 20,000 × 3, yaani 660,000. Andikeni hesabu hiyo pembeni mwa ubao msiifute. Baadaye mtaandika chini yake v = u + at, na hapo hamtahitaji maneno mengi.

Kisha muulize: ingekuwaje kama mwajiri angekuwa mkarimu hata akawa anaongeza mshahara kila mwezi badala ya kila mwaka? Nyongeza ingekuwa shilingi kadhaa kwa mwezi, kwa kila mwezi. Mwezi umetajwa mara mbili. Mhasibu mvivu wa kuandika angeweza kufupisha akaandika "sh/mwezi²", wala hakuna ambaye angetoka nje kuutafuta mwezi wa mraba angani. Ni ufupisho wa maandishi tu. Mwezi mmoja ni wa kupokea mshahara, mwezi wa pili ni wa kuongezewa.

Mfano huu una upungufu mmoja ambao mwalimu ni lazima aukiri. Mshahara huruka ngazi kwa ngazi: miezi kumi na miwili haubadiliki, halafu unaruka. Kasi ya gololi au ya basi hairuki; hukua bila kukatika, na kati ya sekunde ya kwanza na ya pili hupitia kila kasi iliyopo katikati. Mwanafunzi mwerevu atauliza juu ya hilo. Asipouliza, mwambieni.

Anzeni na vizio viwili vya muda vilivyo tofauti

Kutoka kwenye mshahara msirukie m/s². Piteni kwanza katika kizio ambacho vitabu hukitumia mara chache, nacho ni kilomita kwa saa, kwa kila sekunde. Sababu yake ni hii: katika kizio hicho saa na sekunde zinasimama mbali mbali, kama mwezi na mwaka katika mshahara, na mwanafunzi huona wazi ipi ni ya kasi na ipi ni ya mabadiliko.

Basi linaondoka kituoni. Mwanafunzi aliyeketi nyuma ya dereva anautazama mshale wa kipima mwendo na mwenzake anahesabu sekunde. Mwanzo mshale uko 0. Sekunde ya 5 uko 18. Sekunde ya 10 uko 36. Katika sekunde 10 kasi imeongezeka kwa kilomita 36 kwa saa, na kwa hiyo mchapuko wa wastani ni kilomita 3.6 kwa saa, kwa kila sekunde. Msomeni hivyo hivyo, mkituama kidogo kwenye ile mkato. Mkato huo una thamani kubwa. Mwanafunzi aliyezoea kuusikia hatababaika atakapoukosa.

Ndipo mbadilishe kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Kilomita 36 ni mita 36,000, na saa ina sekunde 3,600; kwa hiyo 36 km/h ni 10 m/s. Basi lile lilifikia mita 10 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 10, nalo liliongeza mita 1 kwa sekunde, kwa kila sekunde. Sasa sekunde imetajwa mara mbili, na ubaoni twaweza kuandika hatua zote:

(m/s) ÷ s = m/s × 1/s = m/(s × s) = m/s²

Hapa mvulana wa dawati la mbele amepata jibu lake. Sekunde mraba si sekunde ya namna yoyote. Mita mraba ni eneo, na waweza kulitandikia mkeka. Sekunde mraba haitandikiki, kwani ni alama ya kwamba tumegawanya kwa muda mara mbili: mara ya kwanza tuligawanya umbali ili tupate kasi, mara ya pili tukagawanya badiliko la kasi ili tupate mchapuko. Mimi binafsi huwakataza wanachuo wangu kusoma "mita kwa sekunde mraba" mpaka wiki ya pili ya somo. Kabla ya hapo husoma "mita kwa sekunde, kwa kila sekunde", hata kama ni ndefu. Wenzangu wengine huona kuwa ninapoteza muda. Nimesahihisha mitihani ya kutosha kuamini kwamba sipotezi.

Kosa moja hujitokeza sana katika ubadilishaji huu. Mwanafunzi apewapo 3.6 km/h kwa kila sekunde, hubadilisha saa kuwa sekunde, halafu huibadilisha na sekunde iliyokuwapo, asijue aigeuze kuwa nini. Tatizo si hesabu. Hajaona kwamba vipindi viwili vya muda vina kazi mbili. Mrudisheni kwenye mshahara. Na kwa wale wepesi, wapeni zoezi la kubadilisha mchapuko wa kitu kiangukacho, mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kuwa kilomita kwa saa, kwa kila saa. Itawabidi wazidishe kwa 3,600 mara mbili na kugawanya kwa 1,000, nao watapata 127,008. Ni namba ya kutisha, lakini kitu ni kile kile. Kwa sentimita ni 980, na wapimao mvuto wa dunia huita sentimita moja kwa sekunde kwa kila sekunde "gal", kwa heshima ya Galileo.

Jaribio la gololi

Nimemtaja Galileo, na hapana budi nimweleze, maana jaribio lake latuhusu sana sisi tusiokuwa na maabara tajiri. Katika kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638, anaeleza jinsi alivyochukua boriti ya mbao yenye urefu wa dhiraa 12 hivi, akachonga juu yake mfereji mwembamba ulionyooka, akaulainisha, akaubandika ngozi laini, na kuteremsha humo mpira mdogo wa shaba nyeusi. Boriti ilikuwa imeinuliwa upande mmoja kwa dhiraa moja au mbili. Saa ya sekunde hakuwa nayo. Alipima muda kwa kuyaacha maji yachirizike kutoka katika chombo kikubwa, kisha akayapima uzito maji yaliyotoka. Alirudia, kwa maneno yake, mara mia kamili. Alipata kwamba umbali hukua kwa mraba wa muda. Tukumbuke pia kwamba kizio cha mchapuko hakuwa nacho. Alisema kwa uwiano tu. Kwa hiyo mwanafunzi asiyejua m/s² hayuko nyuma ya Galileo.

Chuoni tumelifanya jaribio hili kwa vifaa vya bei ndogo. Tafuteni ubao wa mita 3, fundi seremala auchonge mfereji mwembamba kwa randa. Upande mmoja uinueni kwa sentimita 6 tu. Katikati wekeni kigingi ubao usibonyee, maana ukibonyea jaribio limekufa. Gololi ya kioo ya watoto yatosha. Kwa muda, fungeni jiwe dogo kwenye uzi, mtundike ili kutoka mahali pa kuning'inia hadi katikati ya jiwe iwe mita 1. Pendulamu ya namna hiyo huchukua sekunde moja, kwa kukaribia sana, kwenda kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Mwanafunzi mmoja anagonga dawati kila jiwe lifikapo mwisho wa upande. Mgongo mmojawapo ni wa kuachia gololi, na kila mgongo ufuatao mwanafunzi mwingine anatia chaki mahali gololi ilipo.

Mara ya kwanza kila mtu atachelewa. Mara ya tano alama huanza kukubaliana. Kundi moja la wanachuo wangu, baada ya kurudia mara nyingi na kuchukua wastani, liliandika umbali huu kutoka mwanzo, kwa sentimita, kwa sekunde ya 1 hadi ya 6: 6, 25, 58, 102, 160, 230.

Sasa ndipo kazi nzuri inapoanza. Waambieni watafute gololi ilisafiri kiasi gani katika kila sekunde peke yake. Watatoa: 6, 19, 33, 44, 58, 70. Hizi ni kasi za wastani za kila sekunde, na kizio chake ni sentimita kwa sekunde. Halafu watafute kasi hizo zimeongezeka kiasi gani kutoka sekunde moja hadi ifuatayo. Watatoa tena: 13, 14, 11, 14, 12. Wastani wake ni 12.8. Kizio? Ni sentimita kwa sekunde, kwa kila sekunde. Wametoa mara mbili, na kila mara waligawanya kwa sekunde moja. Sekunde mbili za kizio zimeonekana mezani kwa macho, bila mwalimu kusema neno.

Namba hizo hazilingani sawasawa, na mwanachuo mmoja alitaka kuzirekebisha ziwe 13 zote ili daftari lipendeze. Nilimzuia. Mgongo wa dawati na mkono wenye chaki haviwezi kuwa sahihi kupita kiasi hicho, na mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kutengeneza namba amefuta jaribio zima. La kutazama ni kwamba kasi iliongezeka zaidi ya mara kumi, kutoka 6 hadi 70, ilhali ongezeko lake halikuondoka karibu na 13. Mchapuko ulikaa pale pale. Linganisheni pia zile tofauti za kwanza na mfuatano wa 1, 3, 5, 7, 9, 11 mkizigawanya kwa 6 na ushei. Galileo naye aliueleza mfuatano huu wa namba witiri.

Kupunguza mwendo

Juu ya kupunguza mwendo sitasema mengi kuhusu nadharia. Alama ya hasi huonyesha upande tu, kwa kutegemea upande tuliouchagua kuwa chanya. Jiwe liangukalo lina mchapuko wa hasi 9.8 tukisema kwamba juu ni chanya, nalo linazidi kwenda mbio. Mwalimu asifundishe kwamba hasi maana yake ni kupunguza.

Lakini hesabu ya breki naisisitiza, hususa kwa shule zilizo kando ya barabara kuu, na hizo ni nyingi. Basi liendalo mita 20 kwa sekunde, yaani 72 km/h, likifunga breki na kupunguza mita 4 kwa sekunde kwa kila sekunde, kasi yake itakuwa 20, 16, 12, 8, 4, 0. Husimama baada ya sekunde 5, na kwa kuwa wastani wa kasi ni mita 10 kwa sekunde, husafiri mita 50 kabla ya kusimama. Likienda nusu ya kasi hiyo, mita 10 kwa sekunde, husimama baada ya sekunde 2.5, kwa wastani wa mita 5 kwa sekunde, yaani mita 12.5. Kasi imepungua mara mbili, umbali umepungua mara nne. Ongezeni sekunde moja ya dereva kuona na kukanyaga breki: mita 70 kwa basi la kwanza, 22.5 kwa la pili.

Msiishie ubaoni. Watoeni wanafunzi uwanjani na tepu, wapime mita 22.5 na mita 70 kutoka mahali pamoja, mwanafunzi mmoja asimame kila mwisho. Nilifanya hivyo na darasa moja lililokuwa likivuka barabara ya lami kila asubuhi. Msichana aliyesimama kwenye alama ya 70 alimtazama mwenzake aliyekuwa kama kidole kwa mbali, akasema, "Mwalimu, kumbe hata akiniona hawezi." Nililiandika neno lake katika daftari langu la kumbukumbu za masomo.

Jiwe lililo juu kabisa

Swali la mwisho ni la jiwe lililorushwa juu. Rusheni jiwe wima kwa mita 19.6 kwa sekunde. Kwa kila sekunde kasi itasomeka: 19.6, 9.8, 0, hasi 9.8, hasi 19.6. Muulize: katika sekunde ya 2, jiwe lilipofika kileleni, mchapuko ulikuwa kiasi gani? Hata wanachuo wangu husema sifuri. Wamechanganya tena kasi na mabadiliko yake. Njia ya kuwafungua ni kuuliza: kama pale juu kasi ni sifuri na mchapuko pia ni sifuri, ni nini kitakacholirudisha jiwe? Lingebaki linaning'inia hewani. Mtazame mfuatano: kutoka 9.8 hadi 0 ni badiliko la 9.8, kutoka 0 hadi hasi 9.8 ni badiliko la 9.8 tena. Pale kileleni hapakuwa na likizo.

Mwanafunzi akiuliza kwa nini kitabu kimoja kina 9.8 na kingine 10, jibu ni kwamba 10 ni namba ya kurahisisha hesabu, halali kabisa mradi isemwe. Thamani yenyewe hutofautiana kidogo mahali na mahali: karibu 9.78 usawa wa bahari penye ikweta, na 9.83 kwenye ncha za dunia. Thamani ya kiwango, 9.80665, ilikubaliwa kimataifa mwaka 1901. Kwenye mwezi ni kama 1.6, na ndiko David Scott wa chombo cha Apollo 15 alikoangusha nyundo na unyoya pamoja mwaka 1971, vikagusa chini kwa wakati mmoja kwa kuwa hakuna hewa.

Maswali ya mazoezi

Haya nimeyatumia, na baada ya kila moja nataja kosa la kutazamia.

1. Nazi imeanguka kutoka mnazi wenye urefu wa mita 19.6. Ilifika chini kwa kasi gani, kwa kilomita kwa saa? (Jibu ni karibu 71. Wengi wataishia kwenye mita 19.6 kwa sekunde, wakidhani kwamba namba hiyo ni ule urefu wa mnazi, maana zimelingana kwa bahati tu. Waelezeni.)

2. Pikipiki imetoka 0 hadi 54 km/h kwa sekunde 6. Lori limetoka 54 hadi 72 km/h kwa sekunde 2. Lipi lina mchapuko mkubwa? (Vyote viwili vina 2.5 m/s². Wengi watachagua lori kwa sababu lina kasi kubwa, na wengine pikipiki kwa sababu imeongeza zaidi.)

3. Andika kwa maneno, bila kutumia neno "mraba", maana ya 3 m/s². (Wapeni dakika za kutosha. Anayeandika "kitu kinakwenda mita 3 kwa sekunde" arudie jaribio la gololi.)

4. Gololi ya jaribio letu ilikuwa na mchapuko gani kabla tu haijaachiwa, na mara tu baada ya kuachiwa? (Kabla ni sifuri. Baada ni karibu sentimita 13 kwa sekunde, kwa kila sekunde, ingawa kasi yake bado ni sifuri. Swali hili ni gumu, nami huliacha kwa darasa lililokwisha kubishana juu ya jiwe.)